Ukiambiwa rudi nyuma, unarudi mpaka wapi? Sheria za futi 25 za Marekani, taratibu

Kwenye grupu letu la ukoo kuna shangazi anakaa Indiana, sasa kila klipu ya polisi wa Marekani ikiforwadiwa humo lazima atokee mtu aandike "shangazi usithubutu kurekodi, huko ni jela moja kwa moja", mwingine anajibu "acha uongo wewe, Marekani nchi ya uhuru, hata simu unamwekea askari puani", ugomvi unaanzia hapo mpaka mtu atume picha ya maua na "usiku mwema" ndo watu wananyamaza. Juzi shangazi mwenyewe akaandika: nyie wote mmekosea. Na ni kweli, ila kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, ndo maana nikakaa nikapitia zile sheria za majimbo zinazomruhusu askari kukuamuru usimsogelee ndani ya futi 25, pamoja na kesi zake, nione kinachoendelea. Mimi sio wakili, niseme mapema.

Tuanze na kutenganisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganya kama ni kitu kimoja. Kuna kurekodi, kuna kukaribia, na kuna kuzuia. Chukua mfano wa fundi anayechomelea geti nje ya nyumba yako. Ukisimama ng'ambo ya barabara na simu ukamchukua video, unarekodi. Ukisogea mpaka cheche zinakurukia kwenye ndala, unakaribia. Ukimshika mkono au ukakanyaga waya wake wa umeme, hapo unamzuia kazi. Mtu anaweza kufanya moja bila mengine, anaweza akafanya yote matatu kwa mpigo, na akili yako ya kawaida inajua kabisa kwamba la tatu ni baya na la kwanza halina shida.

Kumzuia askari kutekeleza majukumu yake ni kosa la siku nyingi, kwetu ni kosa, Marekani ni kosa, na kila jimbo kule lina kifungu chake. Hio sio habari. Habari mpya ni kwamba kuanzia 2023, baada ya Arizona kujaribu kivyake 2022, majimbo kadhaa yakaanza kulifanya lile la katikati, kukaribia kwenyewe, kuwa kosa linalojitegemea. Yaani hujamgusa mtu, hujatukana, hujasimama mbele ya gari, ila uliambiwa usisogee na wewe ukasogea ndani ya umbali fulani, basi umekosa.

Umbali gani? Namba zinazotajwa ni mbili, futi 8 na futi 25. Sisi tumezoea mita, kwa hiyo futi hazituingii kichwani. Futi 8 ni kama mita 2 na nusu, takriban urefu wa bajaji. Futi 25 ni mita 7.6, yaani daladala ya Coaster nzima na kidogo cha kuongezea. Wapenzi wa mpira nawarahisishia zaidi, goli kutoka mlingoti mpaka mlingoti ni mita 7.32, ambazo ni futi 24 kamili. Simama kwenye mlingoti mmoja, askari asimame kwenye ule mwingine, halafu rudi hatua ndogo moja. Umefika futi 25.

Ukiisikia hivo unaona mbona kawaida tu, hata mimi nilisema hivo mwanzoni. Shida ni kwamba goli limechimbiwa chini. Askari anatembea.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri kuliko kote. Sheria ya umbali inaweza kuwekwa kuzunguka kitu kilichosimama, au kuzunguka mtu. Kenya mwaka 2025 mbunge Esther Passaris alipeleka mswada wa kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka bungeni, mahakamani na maeneo mengine yanayolindwa, ukapigiwa kelele sana, ila angalau jengo la bunge halihami, ungeweza kwenda na kamba ukapima, ukachora mstari kwa chokaa, kila mtu akajua mwisho uko wapi. Sheria hizi za Marekani mstari wake umefungwa kiunoni mwa askari. Akienda kushoto, mstari unaenda naye. Wewe uko umbali mzuri kabisa, afisa wa pili anashuka kwenye gari nyuma yako, tayari uko ndani ya duara la pili bila kuinua mguu. Maafisa wanne wakitawanyika kwenye makutano ya barabara, kila mmoja na duara lake lenye upana wa mita 15, sijui mpita njia anabaki na sehemu gani ya kuweka miguu.

Kwa haki yao niseme, majimbo haya hayajaandika kwamba ukiwa ndani ya futi 25 basi umeshakuwa mhalifu. Kwanza inabidi afisa akuambie. Bila onyo hakuna kosa, na hili ndo watu wa grupu la ukoo hawalijui kabisa, wanadhani askari akipita karibu na wewe pale dukani ukiwa na mkate wako mkononi umekwisha. Hapana. Lazima kuwe na amri, wewe uwe umeijua hio amri, halafu uende kinyume nayo.

Sasa tupite kwenye majimbo yenyewe, maana kila moja lilipika kivyake.

Arizona walianza, na walianza vibaya. Mwaka 2022 mbunge John Kavanagh, ambaye zamani alikuwa askari, alileta mswada wa kukataza kurekodi polisi ukiwa ndani ya futi 8 baada ya kuonywa, Gavana Doug Ducey akausaini Julai mwaka huo. Ona tatizo lake. Sheria haikumkataza mtu kusimama pale, ilikataza kurekodi. Watu wawili wamesimama bega kwa bega hatua tatu kutoka kwa askari, mmoja anaongea na mama yake kwenye simu, mwenzake kaigeuza simu ileile anachukua video, wa kwanza hana kosa, wa pili anaweza kula siku 30 ndani. Kama hofu ni usalama wa askari, niambie simu ya sikioni na simu ya kifuani zinatofautiana nini kwa hatari? Vyombo vya habari na ACLU, lile shirika la kutetea haki za raia, walienda mahakamani, Septemba 2022 Jaji John Tuchi akaisimamisha kabla haijaanza kutumika. Kilichonichekesha ni kwamba mwanasheria mkuu wa jimbo alikataa kuitetea, sherifu wa kaunti akakataa, viongozi wa bunge walioipitisha wakakaa kimya. Mtoto akakosa baba. Julai 2023 ikazuiwa moja kwa moja.

Indiana wakajifunza. Wakaondoa neno kurekodi kabisa. Sheria yao, iliyoanza Julai 1, 2023, inasema afisa akiwa kazini kihalali akakuamuru uache kumkaribia, na wewe kwa kujua ukaingia ndani ya futi 25, adhabu ni mpaka siku 60 na faini ya mpaka dola 500. Haijali umeshika simu au umeshika ndizi. Kwa macho ya haraka hii ni afadhali, inamhusu kila mtu sawasawa. Ila soma tena kwa utulivu uone kisichokuwepo. Hakuna mahali inaposema afisa anatakiwa awe na sababu. Anaweza kukurudisha kwa sababu unamkwamisha kweli, au kwa sababu kaamka vibaya, au chai ya asubuhi haikuwa na sukari, au hapendi fulana yako, na amri zote hizo zina uzito uleule.

Na sheria haikuchukua hata mwezi kuonyesha meno. Pale South Bend, jamaa mmoja ambaye ana kawaida ya kurekodi kazi za polisi alikuwa kwenye eneo la tukio, akaamriwa arudi nyuma, akatii, baadaye afisa mwingine akaja akamrudisha tena kwa hesabu ya futi 25 nyingine. Jamaa akaenda mahakamani. Ndo maana nasema futi 25 za askari zinaweza kuwa kama mpira wa manati, zinavutika. Jaji wa kwanza aliyeisikiliza, Januari 2024, aliona sheria haina shida, akasema kwa maneno yangu kwamba kumsogeza mtu umbali huo bado anaona na anarekodi. Kesi nyingine ya waandishi wa habari ikaenda kwa jaji tofauti, James Sweeney, na Septemba 2024 yeye akaiwekea zuio, sababu kubwa ni hiyohiyo ya kwamba sheria haimpi afisa kipimo chochote cha kuamua amrudishe nani na amwache nani. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya Chicago ikakubaliana na Sweeney. Kwa hiyo hata shangazi angekuwa na haki ya kuchanganyikiwa, majaji wawili wa jimbo moja walisoma karatasi moja wakatoka na majibu mawili.

Mwaka huohuo wa 2025 bunge la Indiana likatunga toleo jingine la sheria, safari hii wakaweka kwamba afisa awe anaamini kwa sababu za msingi kwamba uwepo wako utaingilia kazi yake. Sentensi moja tu, ila ndo iliyokuwa inatafutwa tangu mwanzo.

Louisiana sitakaa sana. Gavana John Bel Edwards alikataa kusaini mwaka 2023, akaja Jeff Landry akasaini 2024, ikaanza Agosti, Januari 31, 2025 jaji wa shirikisho akaizuia baada ya vyombo vya habari kushitaki. Futi 25, siku 60, dola 500, karibu nakala ya Indiana. Ukinakili mtihani wa mwenzako unanakili na makosa yake.

Florida ndo walioandika kwa akili zaidi, hata kama huipendi. Ya kwao ilianza Januari 1, 2025, futi 25 pia, ila inawahusu na wazimamoto na wahudumu wa ambulansi, na lazima uwe umeonywa, na lazima nia yako iwe mojawapo ya kukwamisha kazi, kutishia kumdhuru mtu, au kusumbua, na kusumbua kwenyewe kumeelezwa ni kufanya mambo ya kumtesa mtu kihisia bila sababu yoyote ya halali. Kwa hiyo mtu aliyesimama kimya na simu yake, kwenye karatasi, hana nia yoyote kati ya hizo. Nasema kwenye karatasi kwa makusudi, maana usiku barabarani anayepima nia yako ni yule uliyemwelekezea kamera, jaji utamwona baadaye sana.

Basi tuwasikilize na upande wa pili, maana kwenye magrupu yetu polisi hana wakili. Polisi wa Marekani wamelelewa na hesabu ya askari mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, ambaye mwaka 1983 aliandika kwamba mtu mwenye kisu aliye futi 21 kutoka kwako anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule ambao askari anatumia kuchomoa bastola na kufyatua. Mweke huyo askari amepiga magoti anamfunga mtu pingu, mgongo wake uko wazi, nyuma kuna watu sita wanapiga kelele na hajui mmoja wao ni ndugu wa mtuhumiwa au la. Hio hofu sio ya kuigiza. Na wanasema kosa la zamani la kuzuia kazi linakuja kwa kuchelewa, linasubiri mtu aguse kwanza, wao wanataka nafasi ya kupumua kabla hajagusa. Mimi naona hoja hii ina nguvu, ila inatetea amri yenye sababu, haitetei amri isiyo na sababu. Ukishakuwa na watu sita nyuma yako wanakaribia, sababu unayo, iandike basi kwenye sheria.

Upande wa raia mfano unaojulikana dunia nzima ni George Floyd, aliyeuawa na polisi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Mei 25, 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu kafariki baada ya tatizo la kiafya wakati akiwa na polisi. Ingebaki hivo. Binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa amesimama pale ukingoni mwa barabara hatua chache tu na simu yake, na ile video ndo iliyofanya askari aliyemuua, Derek Chauvin, ahukumiwe miaka 22 na nusu. Minnesota haikuwa na sheria ya futi 25. Ingekuwepo, na afisa akaitumia, yule binti angerudi Coaster nzima nyuma. Je, picha ingepatikana? Huenda, simu za siku hizi zinavuta mbali. Sauti ya mtu anayesema hawezi kupumua, akiwa kifudifudi nyuma ya gari, na barabara ina magari? Hapo mimi sina uhakika kabisa, na kwenye ile kesi sauti ilikuwa nusu ya ushahidi.

Ila tusidanganyane pia kwamba umbali unaua kila ushahidi. Mwaka 1991 Los Angeles, Rodney King akipigwa na polisi, George Holliday alimrekodi kutoka kwenye roshani ya nyumba yake, mbali kuliko futi 25, usiku, na kamera ya zamani ile kubwa, na dunia ikaona. Kwa hiyo anayesema futi 25 ni upofu anatia chumvi, na anayesema hazipunguzi chochote hajawahi kujaribu kurekodi harusi akiwa meza ya nyuma.

Turudi kwa wale wawili wa grupu. Aliyesema kurekodi polisi Marekani ni jela, sio kweli. Mahakama za rufaa za shirikisho kadhaa zimeshasema kurekodi polisi wakiwa kazini hadharani kunalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, yale ya uhuru wa kusema. Kesi maarufu ni ya wakili mmoja aliyekamatwa kwenye bustani ya Boston Common mwaka 2007 kwa sababu ya kurekodi kwa simu, mahakama ya rufaa ikampa haki 2011 na jiji likaishia kumlipa dola 170,000. Mahakama ya Juu ya nchi haijawahi kulijibu swali hili moja kwa moja, na huo ndo mwanya ambao majimbo yanapita kila mwaka.

Aliyesema unamwekea askari simu puani naye aache. Hata kabla ya sheria za futi, ukimkaribia mpaka unamkwamisha, kosa lipo. Maafisa wa serikali kuu, wakiwemo wa uhamiaji ambao ndo wamejaa kwenye klipu zetu, wana sheria yao ya shirikisho dhidi ya anayewazuia kwa nguvu, na hio haina futi wala mita. Haki ya kurekodi haikupi haki ya kusimama popote.

Kuna na wa tatu aliuliza pembeni, eti wakikukuta unarekodi wanaruhusiwa kufungua simu wakaangalia? Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata mtu aliyekamatwa, polisi wakitaka kupekua simu yake kwa kawaida wanahitaji hati ya jaji. Kukupokonya mkononi pale barabarani na kufuta video hakumo kwenye sheria yoyote niliyoitaja hapo juu.

Kitu kimoja kinanisumbua ambacho sijaona watu wengi wakikisema. Sheria zote hizi zinasimama juu ya amri ya mdomo, na amri inatoka kwa Kiingereza, kwa kupayuka, katikati ya ving'ora. Marekani kuna ndugu wengi waliofika kutoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, wazee ambao Kiingereza chao ni cha salamu. Sheria inataka uwe umejua umeamriwa. Mzee anayesogea mbele kwa sababu anadhani anaitwa, atathibitisha vipi kwamba hakuelewa? Anaweza kushinda mahakamani, ndio, ila mahakamani unafika baada ya kulala ndani.

Kwa hiyo ushauri niliomwandikia shangazi ulikuwa mfupi. Ukiambiwa rudi, rudi, kwa sauti sema narudi, mikono ionekane, simu iendelee kurekodi. Usirudi kwa ubishi wa futi ngapi, hesabu utaifanya ukiwa na wakili. Na kama kuna mtu mzima pembeni yako hajaelewa, mvute na umtafsirie.

Akanijibu baada ya nusu saa. Anasema katoka kupima kwa hatua kuanzia mlango wa apatimenti yake mpaka pale kwenye parkingi ambapo polisi wanapenda kusimamisha magari, amepata hatua tisa. Sasa anauliza hatua zinazohesabiwa ni zake, au za askari.